Neno na Wenzake

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo, utamu kolea.

Wanangu, hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ni ya mtu wa kweli, Rufino José Cuervo, aliyezaliwa mwaka 1844 mjini Bogotá, nchini Kolombia, huko juu kwenye milima ya Amerika ya Kusini. Baba yake alikuwa mtu mkubwa serikalini, lakini alifariki Rufino akiwa bado mdogo. Baadaye kaka yake, Ángel, alifungua kiwanda cha bia, naye Rufino akaingia kumsaidia. Kazi ile ndiyo iliyowapa riziki.

Lakini moyo wa Rufino ulikuwa kwenye lugha. Alisoma Kilatini na Kigiriki, akasikiliza kwa makini namna watu wa Bogotá walivyokisema Kihispania chao, na kuanzia mwaka 1867 akawa anachapisha kitabu juu ya usemi wao. Akiendelea hivyo, likamjia jambo moja ambalo hakuliacha tena: kamusi hutuambia neno lina maana gani, lakini haituambii neno hilo likae na maneno gani. Na wenzake wakibadilika, maana nayo hubadilika.

Sikilizeni. Kwa Kiswahili mtu anaweza kusema na mwalimu, na mtu anaweza kumsema mwalimu. Kitenzi ni kilekile. Wa kwanza anazungumza vizuri tu, wa pili anamsengenya mwenzake. Kilicholeta tofauti ni “na” pale, na “m” hapa. Hakuna aliyewafundisha hivyo darasani, ila mnajua, na mtu akikosea mnashtuka mara moja.

Sasa tukitazame kitenzi cha Kihispania, contar. Ukisema cuento los libros, unahesabu vitabu. Ukisema cuento un cuento, unasimulia hadithi, kama ninavyofanya mimi sasa. Lakini ongeza kijineno con, ambacho kwa kawaida ni “na” au “pamoja na”, useme cuento con mi hermano. Hapo humhesabu kaka yako wala humsimulii. Unasema kwamba unamtegemea, kwamba ukiwa na shida hatakuacha.

Kingine ni acabar. Acabar la tarea ni kumaliza kazi uliyopewa. Acabar con los ratones ni kuwaangamiza panya, asibaki hata mmoja. Acabo de comer maana yake nimekula sasa hivi. Na acabó por aceptar ni kusema kwamba alikataa au alisitasita, lakini mwishowe akakubali. Vihusishi con, de na por ni vifupi mno, tena havina uzito vikiwa peke yao, lakini ndivyo vinavyoamua sentensi itasema nini.

Wataalamu wana majina ya mambo haya. Namna maneno yanavyopangana na kushikana ndani ya sentensi huitwa sintaksia. Maana inayopatikana huitwa semantiki. Watu wengi huzisoma kila moja mahali pake. Cuervo aliziona zinatembea pamoja, akaamua kuandika kamusi ya kuonyesha jambo hilo, neno baada ya neno, kuanzia A mpaka Z. Hakulenga maneno yote ya Kihispania. Alichagua yale yenye tabia za pekee katika kuungana na mengine.

Mwaka 1882 ndugu hao wawili wakahamia Paris, na fedha walizochuma kwenye bia ndizo zilizomwezesha Rufino kukaa na vitabu. Kompyuta haikuwapo. Kila mfano ilibidi asome kitabu, auone kwa macho yake, aunakili kwa mkono, kisha aupange na mifano mingine. Kila kidahizo, yaani neno linaloelezwa katika kamusi, kiligawanywa maana kwa maana. Chini ya kila maana alionyesha neno linaungana vipi na wenzake, na waandishi waliolitumia hivyo, wa zamani na wa karibuni. Hakutaka msomaji aamini tu kwa kuwa Cuervo amesema. Alitaka msomaji aone ushahidi.

Juzuu ya kwanza, ya A na B, ilitoka mwaka 1886. Ya pili, ya C na D, ikatoka mwaka 1893, na humo ndimo alimokiweka kitenzi contar. Miaka mitatu baadaye Ángel akafariki, yule kaka aliyekuwa akimtegemea kweli. Rufino akaendelea na masomo yake ya lugha, lakini hakuna juzuu nyingine ya kamusi ile iliyotoka akiwa hai. Alifariki Paris mwaka 1911. Herufi nne tu ndizo zilizokuwa zimekamilika!

Je, hadithi imekwisha? La. Mwaka 1942 nchi yake ilianzisha taasisi iliyopewa jina lake pamoja na la msomi mwenzake, Miguel Antonio Caro: Instituto Caro y Cuervo, mjini Bogotá. Watafiti wake wakaishika kazi palepale alipoiachia, kwenye herufi E. Wengine walizeeka wakiifanya, wakaja vijana wakapokea. Mwaka 1994 wakafika mwisho, juzuu nane kamili. Tangu ile ya kwanza itoke ilikuwa imepita miaka 108.

Mimi namheshimu sana mtu huyu. Hakuwatungia watu sheria kutoka kichwani mwake. Sheria za lugha aliziona zimo tayari katika usemi na maandishi ya watu, zinangoja mtu mvumilivu wa kuzikusanya. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kimejazwa na mikono mingi.

Na lugha yetu pia inataka watu kama huyo. Basi leo kila mmoja achukue kitenzi kimoja, tuseme kupiga. Mtu hupiga simu, hupiga pasi, hupiga mbio, hupiga moyo konde. Ulizeni nyumbani, ulizeni sokoni, andikeni kila mnachosikia pamoja na sentensi yake nzima. Kesho mje na madaftari yenu, tuanze kupanga.