Kulungu Katika Bustani ya Nyumbani

Mkulima wa bustani ya nyumbani katika majimbo ya mashariki mwa Marekani ana mshindani anayekuja jua likizama, akala majani machanga ya maharage na letusi usiku, na kuondoka kabla ya mapambazuko bila kuacha ushahidi mwingine ila nyayo za kwato zilizopasuka na vikonyo vilivyonyofolewa. Mnyama huyo ni kulungu mwenye mkia mweupe, ambaye jina lake la kisayansi ni Odocoileus virginianus. Inafaa kueleza mapema kwamba jina “kulungu”, ambalo Afrika Mashariki hutumika kwa mnyama wa jamii ya swala, hapa linatumika kwa mnyama wa ukoo mwingine, yule ambaye Biblia ya Kiswahili humwita ayala: dume lake huota pembe zenye matawi ambazo huanguka kila mwaka na kuota upya, ilhali pembe za swala hudumu maisha yake yote.

Wingi wake wa leo una historia. Kufikia mwanzo wa karne ya 20, uwindaji wa kibiashara ulikuwa umebakiza laki kadhaa tu nchi nzima. Sheria za kulinda wanyamapori, uhaba wa mbwa mwitu na puma ambao binadamu aliwamaliza katika maeneo mengi, na kukua kwa vitongoji vilivyokata misitu vipande vipande, vyote vikamfaa mnyama apendaye kuishi pembezoni mwa msitu, hata idadi yake sasa hukadiriwa kuwa takriban milioni 30. Hata hivyo mgogoro wenyewe si mpya. George Washington, aliyefuga kulungu katika shamba lake la Mount Vernon, aliandika kwamba mtunza bustani wake alilalamikia uharibifu wa vichaka vya mapambo, naye akashindwa kuamua aachane na vichaka au na kulungu.

Anayetaka kumzuia hana budi kuanza na kinywa chake. Kama mbuzi, kulungu hana meno ya mbele katika utaya wa juu. Mahali pake pana ufizi mgumu, na anapokula hulibana jani kati ya ufizi huo na meno ya chini, kisha hulivuta hadi likatike, hivyo kikonyo hubaki kimechanika na nyuzi zake zikining’inia. Sungura, kinyume chake, hukata shina mshazari, safi kana kwamba limepitiwa na kisu, na anayekuta mkato wa namna hiyo karibu na ardhi atapoteza fedha akijenga uzio mrefu. Kulungu pia ni mnyama acheuaye, yaani humeza chakula upesi, akaenda kujificha, kisha akakirudisha kinywani kukitafuna upya. Ndiyo maana muda mfupi humtosha kumaliza tuta zima la maharage.

Kinga ya kudumu ni uzio, na uzio hufaulu ukijengwa kwa kufuata maumbile na mazoea ya mnyama mwenyewe. Kulungu mwenye afya anaweza kuruka kizuizi cha karibu mita 2.4, na kwa hiyo wavu wa kimo hicho ndio hupendekezwa kwa bustani kubwa. Lakini kabla ya kuruka hutafuta kwanza pa kupenya, akiinamisha kichwa na kunusa ukingo wa chini, na upenyo wa sentimita 20 hivi unaweza kumtosha kujipenyeza kwa tumbo. Wenye bustani wengi hugharamia kimo na kuusahau ukingo huo, ambao ungekazwa kwa vigingi vichache tu. Tena, kulungu hapendi kuruka asipoona pa kutua, kwa hiyo ua wa mbao zilizobanana, wenye mita 1.8, mara nyingi humzuia japokuwa ni mfupi kuliko wavu. Aidha, anaweza kuruka juu au kuruka mbali, lakini ni vigumu kwake kufanya yote mawili kwa mruko mmoja, na ndiyo asili ya uzio wa safu mbili, ambapo safu fupi za kimo cha mita 1.2 hadi 1.5 hujengwa sambamba, zikiachana kwa umbali kama huo.

Uzio wa umeme hufanya kazi kwa njia nyingine, kwa kuwa humfundisha mnyama badala ya kumziba njia. Waya huvutwa sentimita 75 hivi kutoka ardhini, vipande vya foili vilivyopakwa siagi ya karanga vikaning’inizwa juu yake, na kulungu anayevutwa na harufu hiyo hupata mshtuko puani au ulimini, sehemu ambazo hazikingwi na manyoya. Mshtuko huo hutolewa kwa mapigo mafupi na kifaa maalumu. Kuunganisha waya moja kwa moja na umeme wa nyumba ni hatari inayoweza kuua mtu, na haifai kujaribiwa hata kidogo.

Dawa za kufukuza, ziwe za mayai yaliyooza, pilipili au kitunguu saumu, husaidia kwa muda. Zile za mayai husifiwa zaidi, kwani harufu ya protini inayooza humpa mnyama hofu, lakini mvua huziosha, majani mapya huchipua bila dawa, na kulungu mwenye njaa ya majira ya baridi hula hata kile alichokikataa wakati wa kiangazi. Redio na vioo humtisha siku chache tu, kisha akavizoea.

Uchaguzi wa mimea nao una nafasi yake. Lavenda, rozimari na nanaa, zenye harufu kali, huguswa mara chache, ilhali tulipu, maharage na majani ya viazi vitamu huliwa kwanza. Jambo hili linawagusa hasa wahamiaji kutoka Kongo, Burundi na Tanzania wanaolima matembele katika bustani za Marekani, kwa sababu mboga wanayoitamani zaidi ndiyo kulungu naye anayoifuata. Kwao, kama kwa kila mkulima aliye jirani na msitu, uzio unafaa kusimamishwa kabla ya marando ya kwanza kupandwa, kwani kulungu aliyekwisha kuonja tuta hurudia njia ileile, na kumwachisha mazoea hayo ni kazi kubwa kuliko kumzuia asiyajenge.