Kambale mchanga azimiwe taa

Swali hili hunifikia kwa simu, hunifikia kwenye semina za wafugaji, na hunifikia hata ninapokuwa nimeitwa kuangalia ugonjwa usiohusiana nalo: niweke taa ya wati ngapi juu ya tangi ili vifaranga wa samaki wasilale, wale usiku kucha, wakue haraka? Anayeuliza huwa ameshanunua taa, anachotaka ni idadi ya wati tu. Ninapomuuliza anafuga samaki gani, mara nyingi jibu ni kambale. Basi, izime leo.

Najua imani hii imetoka wapi. Kuku wa nyama huwashiwa taa usiku, wakala, wakanenepa, na mfugaji aliyehamia kwenye samaki amehama na taa yake. Lakini kuku hutafuta chakula kwa macho. Giza likiingia haoni punje, hulala. Kambale ni samaki wa usiku. Sharubu zake nane zina chembe za kuonja, na kwa hizo hukipata chakula ndani ya tope, mahali ambapo jicho halimfai kitu. Kumwashia taa ili aone chakula ni kumtibu ugonjwa asiokuwa nao.

Tazama tangi lenye kambale wa siku nne au tano, ambao ndio kwanza wamemaliza kiini walichoanguliwa nacho. Likiwa limefunikwa, wametawanyika sakafuni, kila mmoja akipekuapekua kwa sharubu zake. Funua turubai ghafla saa sita mchana. Punde si punde sakafu iko tupu, na wote wamejisukumiza kwenye kona yenye kivuli, tabaka juu ya tabaka. Wa chini wanakosa hewa, chakula kinaoza upande wa pili, na miili inayosuguana inaanza kuumana. Nimewasikia watu wakisema wanacheza. Hawachezi, wanakimbia mwanga, na taa ikiwashwa usiku kucha wanaukimbia usiku kucha. Nguvu ambayo ingejenga mwili inaishia hapo.

Halafu kuna kulana. Kila anayezalisha kambale anajua hasara hii, na wengi huifunika kwa neno moja: njaa. Njaa ni sababu mojawapo tu. Chukua vifaranga waliokufa asubuhi, waweke kwenye kiganja, uwatazame mikia. Ikiwa imekatwa au imeliwa, umekwisha kupata jibu. Mwanzoni mkubwa humuuma mwenzake mkia na kumwacha afe. Baadaye, akishamzidi sana kwa umbo, humla mzima kuanzia kichwani, wala hutakuta mzoga wa kuhesabu. Mwanga unaochokoza na kuwabana mahali pamoja huongeza ugomvi huo. Utafiti wa maabara uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 1992 ulilinganisha kambale wachanga kwenye mwanga, gizani, na penye maficho. Waliokua vizuri zaidi ni wa gizani. Tafiti nyingine zilizofuata zimeelekea huko huko. Miaka yote hii imepita, na bado mtu anauziwa balbu akiambiwa ni ya kukuza kambale.

Nikifika hapo hoja hubadilishwa. Mbona wavuvi wa dagaa Ziwa Victoria huwasha karabai, na siku hizi taa za sola, na samaki wanakuja? Wanakuja, ndiyo. Mwanga huwakusanya dagaa na vijidudu wanavyokula, na ndiyo maana wavuvi hupumzika mbalamwezi ikiwa kali, kwa kuwa taa yao haiwi na nguvu tena. Taa ile imewekwa ili samaki wakusanyike na kuvuliwa. Hakuna aliyewahi kuwapima dagaa wa karabai akakuta wamenenepa.

Hoja nyingine ni kwamba taa itawapa mwani mwanga watengeneze oksijeni bwawani usiku. Jua kali la mchana hutoa takriban laksi 100,000. Balbu ya nyumbani, ukisimama karibu nayo, inakupa laksi mia moja au mia chache. Mwani hawatafanya kazi yoyote ya maana kwa kiasi hicho. Wataendelea kutumia oksijeni pamoja na samaki hadi alfajiri, saa ambayo bwawa huwa na hewa kidogo kuliko zote. Na wewe umemwaga chakula saa nane usiku! Samaki aliyekula huhitaji oksijeni zaidi. Ukiwakuta wanahema juu ya maji kumi na moja alfajiri, usimlaumu aliyekuuzia mbegu.

Wadudu wa bure, je? Taa huwavuta kweli, na sato wakubwa hunufaika. Ila miongoni mwa wanaofuata taa usiku wamo wadudu wakubwa wa majini wenye mdomo uliochongoka, ambao hushika kifaranga, humchoma na kumfyonza. Vyura nao hufuata wadudu. Juu ya bwawa la vifaranga, taa hiyo inawaita wanaokula mali yako.

Wenye video za Norway, zile za salmoni wachanga wanaokaa kwenye mwanga saa 24: mwili wa salmoni husoma urefu wa siku kujua majira na wakati wa kujiandaa kwenda baharini, na wafugaji wa kule huitumia tabia hiyo. Mwanza na Kisumu siku zina urefu ule ule karibu mwaka mzima. Samaki wetu hawana masika ya Ulaya ya kudanganywa nayo.

Sasa ya kufanya. Kambale: funika matangi kwa turubai au nailoni nyeusi tangu mayai yanapowekwa, acha upenyo wa hewa, weka vipande vya bomba wajifiche, lisha zaidi jioni na usiku bila taa, na ukienda kukagua elekeza tochi hafifu ukutani. Wapange kwa ukubwa kila wiki, waliowazidi wenzao uwatoe. Kazi hii huokoa vifaranga wengi na haina bili ya umeme. Sato ni habari nyingine, kwa sababu yeye hula kwa macho. Wachanga wanaolelewa ndani ya jengo wamekua vizuri zaidi kwa mwanga wa saa 18 kuliko wa saa 12 katika utafiti wa mwaka 2004, lakini walipofikia ukubwa wa kidole faida hiyo haikuonekana tena. Kwa hiyo taa ya sato ni ya wiki za mwanzo, ndani ya jengo, tena iwashwe na kuzimwa kwa saa zisizobadilika. Kwenye bwawa la nje taa haihitajiki: zamisha mkono hadi kiwiko, na kiganja kikianza kupotea machoni, rangi ya kijani inatosha kuwakinga vifaranga na jua na ndege. Ukikiona hadi vidole, rutubisha. Kikipotea kabla maji hayajavuka kifundo cha mkono, acha mbolea na ubadilishe sehemu ya maji.