Plutoni katika Udongo wa Ngara na Biharamulo: Kipimo na Maneno Yake

Mtu asimamaye juu ya kilima cha Ngara, akatazama migomba na maharage yaliyopandwa mtelemkoni hadi bondeni, haoni neno lolote la kumkumbusha mabomu ya atomiki. Hata hivyo katika udongo ule, kama katika udongo wa nchi zote duniani, zimo atomi za plutoni zilizoanguka na mvua baada ya majaribio ya silaha yaliyofanywa hewani tangu mwaka 1945. Majaribio hayo yalizidi sana kati ya 1952 na 1962, yakapungua baada ya mapatano ya Moscow ya mwaka 1963, na la mwisho lilifanywa na China mwaka 1980. Katika bara la Afrika, Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza karibu na Reggane, katika jangwa la Algeria, tarehe 13 Februari 1960. Lakini sehemu kubwa ya plutoni iliyoenea duniani ilitokana na mabomu makubwa ya Marekani na ya Urusi ya Kisovieti, ambayo vumbi lake lilipanda juu mno, likazunguka dunia kwa miezi na miaka kabla ya kushuka.

Jina la plutoni limefuata njia ya urani, jina ambalo masikio ya Waswahili yamekwisha kulizoea. Neno isotopu lahitaji maelezo zaidi. Isotopu za kitu kimoja ni kama ndugu wa tumbo moja: tabia zao katika kemia ni sawa, ila uzito wao ni mbalimbali. Ndugu wawili wa plutoni wanaotafutwa hapa ni 239 na 240. Nusu ya atomi za yule wa kwanza hutoweka kwa miaka 24,110, na nusu za yule wa pili kwa miaka 6,561. Katika mwanguko wa mabomu ulioenea duniani kote, kwa kila atomi 100 za 239 huwapo kama 18 za 240. Plutoni iliyotengenezwa kwa ajili ya silaha huwa na chini ya 7, na ile iliyotoka Chernobyl mwaka 1986 ilikuwa na kama 40. Kwa hiyo ajuaye uwiano wa ndugu hao ajua asili yao.

Taabu ni kuwatenganisha. Njia ya zamani ni kungoja atomi ipasuke, kisha kupima nguvu ya mwali wa alfa uliotoka. Lakini miali ya ndugu hao wawili ina nguvu karibu sawa, hata chombo hakiwezi kuipambanua. Tena, kungoja huko ni mfano wa mtu atakaye kujua idadi ya watu wa mji kwa kuhesabu wale tu wanaotoka mlangoni, hali wengi wao hawatatoka kwa maelfu ya miaka. Njia mpya haingoji: inaingia mjini na kuwahesabu watu wenyewe.

Kazi yaanza kwa kuukausha udongo, kuuchoma, na kuuyeyusha kwa asidi. Hutiwa kiasi kinachojulikana cha isotopu nyingine, kama plutoni 242, iwe kipimo cha kulinganishia. Kisha plutoni huchujwa kutoka katika vitu vingine, huchanganywa na oksidi ya chuma, ambayo ni jamaa ya kutu, na kushindiliwa katika kikombe kidogo cha madini. Kikombe hicho hupigwa kwa ioni za sesiamu, na plutoni hutoka ikiwa na chaji hasi, imeshikamana na oksijeni. Sumaku huipinda njia yake, kisha huingia katika mashine ambayo kwa Kiswahili yafaa kuitwa kichapuzi, kwa kuwa kazi yake ni kuzichapua ioni kwa nguvu kubwa ya umeme.

Faida ya kichapuzi ndiyo hii. Udongo una urani kwa wingi upitao ule wa plutoni kwa mamilioni ya mara, na atomi ya urani 238 ikibeba haidrojeni moja hupata uzito wa 239. Ni kama mtu mwembamba aliyebeba mzigo mgongoni: mizani humwona sawa na mnene asiye na mzigo. Katikati ya kichapuzi ioni hupita kwa kasi ndani ya gesi nyembamba, na hapo kila mzigo hutuliwa kwa nguvu. Molekuli huvunjika, atomi husalia na chaji chanya. Sumaku nyingine huwatenga walio na uzito wa kweli, na mwishoni huhesabiwa mmoja mmoja. Kwa njia hiyo hata atomi zisizofika milioni moja huweza kupimwa. Kazi ya namna hii hufanywa Vienna, Zürich na Canberra. Kwa nchi zilizo karibu na ikweta, ambako mwanguko ulikuwa mdogo kuliko kaskazini, wepesi huo wa kutambua ni wa lazima.

Lakini kwa nini kuhesabu? Plutoni hung'ang'ania chembe za udongo, nayo huenda pale chembe ziendapo. Mahali pasipolimwa wala kuchimbwa huhifadhi kiasi kilichoanguka. Mtelemko wenye pungufu umepoteza udongo. Bonde lenye ziada limeupokea. Zamani sesiamu 137 ilitumika kwa kazi hiyo, lakini nusu yake hutoweka kwa miaka 30, na ile ya mwaka 1963 imebaki robo tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu mashariki ya Kongo, Rwanda na Uganda, ingawa ulitumia mashine ya aina nyingine, ulionyesha kwamba misituni udongo ulikuwa umetulia, na mashambani ulikuwa umehamishwa kwa kina kilichopita sentimita 40.

Ngara na Biharamulo zina sababu ya kukihitaji kipimo hiki. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 kadiri ya watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na miti mingi ya vilima vya karibu ikakatwa kwa kuni na kwa kujengea. Hifadhi ya Burigi-Chato, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019, yaweza kutoa ardhi ya kulinganishia. Ni kweli kwamba hesabu moja huonyesha jumla ya miaka sitini, haitengi mwaka mmoja na mwingine. Kwa hiyo yapasa kupima tena baada ya miaka kadhaa.

Hapo ndipo lugha inapokuwa na kazi. Mpimaji akiandika kwamba udongo umechafuliwa na plutoni, mkulima atauliza kama mahindi yake yaliwe, ingawa mionzi ya kiasi hicho ni haba mbele ya ile ya urani na thori za asili zilizomo udongoni. Akiandika kwamba plutoni imepungua, mkulima atashukuru, kumbe habari aliyopewa ni ya msiba: udongo wa juu, wenye rutuba, umekwenda na maji ya Ruvubu na Kagera. Basi katika taarifa za namna hii plutoni yafaa iitwe alama, wala si uchafu. Na panapopungua alama, pasemwe waziwazi kwamba kilichopotea ni udongo.