Ukimya wa Rekodi: Historia ya Utafiti wa Saratani Miongoni mwa Wainuiti

Makala hii inafafanua jinsi utafiti wa saratani miongoni mwa Wainuiti wa Alaska, Kanada na Greenland ulivyobadilika katika karne ya 20. Jina lenyewe, Inuit, ni wingi wa inuk, yaani 'mtu'. Hoja yetu ni kwamba kutoandikwa kwa ugonjwa si ushahidi wa kutokuwapo kwake.

Katika awamu ya kwanza, madaktari wa misheni na wavumbuzi walieleza kuwa saratani haikuonekana miongoni mwa jamii hizo. Samuel Hutton, daktari aliyefanya kazi Labrador mwanzoni mwa karne hiyo, alitoa ushahidi wa namna hiyo. Mwaka 1960 Vilhjalmur Stefansson alichapisha kitabu ambacho jina lake liliuliza iwapo saratani ni ugonjwa wa ustaarabu. Dai hilo lilivutia wengi, ila msingi wake ulikuwa dhaifu: hospitali zilikuwa chache, uchunguzi wa maabara ulikuwa nadra, na wengi walifariki kwa kifua kikuu na maradhi mengine kabla ya kufikia umri ambao saratani nyingi hujitokeza.

Awamu ya pili ilifuata upanuzi wa huduma za tiba na uandikishaji wa wagonjwa. Ilibainika kuwa saratani ya sehemu ya juu ya koromeo, nyuma ya pua, na ile ya tezi za mate, ambazo ni nadra katika sehemu nyingi za dunia, ziliwapata Wainuiti kwa kiwango kikubwa. Mapitio ya pamoja ya takwimu za 1969 hadi 1988 yalithibitisha hayo, pamoja na wingi wa saratani ya mapafu, ambayo chanzo chake kikuu ni uvutaji wa tumbaku.

Hapa historia hiyo inakutana na ya kwetu. Virusi vya Epstein-Barr, vinavyohusishwa na saratani hiyo ya koromeo, viligunduliwa mwaka 1964 katika seli za uvimbe uliotoka Uganda, ambako Denis Burkitt alikuwa amechunguza uvimbe wa taya za watoto.

Suala la lugha nalo ni zito. Kiswahili kilipokea neno saratani kutoka Kiarabu, ambako lina maana pia ya kaa. Kwa upande wao, wanawake wa Kiinuiti wa Kanada, kupitia shirika lao la Pauktuutit, wameandaa faharasa ya istilahi za saratani, ambamo ugonjwa huu huitwa kaggutiq. Mgonjwa asiyepewa neno hawezi kuuliza swali. Na asiyeuliza, aghalabu huchelewa kutibiwa. Kwa hiyo, kuunda istilahi za tiba pamoja na wasemaji wenyewe ni sehemu ya tiba, kule Aktiki na hapa kwetu.