Anayesoma Peke Yake Chuoni Huanguka Peke Yake

Kwa Waswahili wa kale neno ‘chuo’ halikuwa na maana ya jumba la ghorofa na wahadhiri waliovaa majoho. Chuo kilikuwa kitabu, na tena kilikuwa mahali pale watoto walipoketi mkekani kusoma Kurani. Aliyepata kusoma katika vyuo hivyo, Lamu, Malindi au Mombasa, anajua jinsi kazi ilivyokwenda. Mwalimu alikuwa mmoja na watoto walikuwa wengi. Kwa hivyo mtoto aliyekwisha kutangulia aliketishwa na yule aliyekuwa bado anahangaika na alifu na be, akamsikiliza na kumsahihisha mpaka ulimi ukalainika, ndipo akapelekwa mbele ya mwalimu. Hakuna aliyeona haya kufunzwa na mwenziwe, kwa maana kila mmoja alipitia mkononi mwa mwingine.

Nimeanza na habari hii kwa sababu siku hizi vyuo vikuu vingi ulimwenguni vimeirudia desturi hiyo hiyo, ila sasa vimeipa ofisi, ratiba na kanuni. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu humwelekeza wa mwaka wa kwanza, wala si kwa hisani tu, bali kama huduma ya chuo, mfano wa maktaba au zahanati. Nimeifuatilia huduma hii kwa muda, na sina shaka kwamba vijana wetu wa Kenya wanaihitaji sana. Lakini nimeona pia kwamba ikiandaliwa vibaya haimfikii kamwe yule iliyekusudiwa kumwokoa.

WAWILI MEZANI

Huduma yenyewe ina sura mbili. Sura ya kwanza ni ya watu wawili. Mwanafunzi aliyekwama huenda ofisini, huandikisha jina lake na somo linalomsumbua, naye hupangiwa saa moja na mwenzake aliyelifaulu somo hilo vizuri. Huyo mwenzake, ambaye hapa nitamwita mwelekezi, huchaguliwa kwa alama zake na kwa neno la mhadhiri, kisha hufunzwa kazi kabla ya kukabidhiwa mtu. Huko Marekani kuna chama cha wataalamu wa vyuo ambacho tangu mwaka 1989 kimekuwa kikiidhinisha mafunzo ya namna hiyo. Ili apate daraja ya kwanza, mwelekezi hutakiwa awe amepata mafunzo ya saa 10 na awe amewaelekeza wenzake kwa saa 25.

Kanuni za mezani ni chache, lakini ni kali. Kalamu hukaa mkononi mwa anayeelekezwa. Mwelekezi haandiki jibu la kazi ambayo mhadhiri ataisahihisha. Hamsengenyi mhadhiri, wala habashiri maswali ya mtihani. Asilolijua husema wazi kwamba halijui, akamtuma mwenzake kwa mhadhiri. Na yaliyosemwa pale, hasa alama za mtu, hayatoki nje.

Pengine msomaji atauliza: ikiwa mhadhiri yupo, mwanafunzi wa nini? Jibu ni kwamba mhadhiri alilielewa somo hilo miaka 20 iliyopita, na amesahau jinsi ilivyo kutolielewa. Aliyevuka mto jana angali anakumbuka jiwe lililotaka kumtelezesha. Zaidi ya hayo, mbele ya mhadhiri kijana hujikaza aonekane anajua, ilhali mbele ya mwenzake anaweza kusema, “Hapa sijashika kitu,” na dunia isianguke.

GUMU NI SOMO, SI MTU

Sura ya pili ni ya kikao cha wengi, nayo ina historia inayostahili kusimuliwa. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Missouri-Kansas City huko Marekani, wakuu walikuwa na wasiwasi. Vijana waliokuwa wakisomea udaktari, matibabu ya meno na utaalamu wa dawa walikuwa wakiacha masomo, hasa wale wa jamii zilizo chache. Kazi ya kutafuta dawa ilimwangukia Bi. Deanna Martin.

Desturi ilikuwa kuwasaka wanafunzi dhaifu, kuwaita ofisini na kuwapa masomo ya ziada. Bi. Martin aliigeuza hesabu hiyo. Badala ya kutafuta mwanafunzi dhaifu alitafuta somo gumu. Katika mpango huo, somo ambalo watu 30 au zaidi katika kila 100 hupata alama za chini kabisa au hulitoroka kabla ya mtihani, ndilo huwekewa mwelekezi. Mwelekezi, ingawa alikwisha kulifaulu, hurudi darasani akaketi pamoja na wanafunzi wapya, akausikiliza mhadhara na kuandika kama wao. Kisha mara kadhaa kwa wiki huitisha kikao, na mlango huwa wazi kwa kila aliyejiandikisha katika somo hilo, awe hodari au mzito.

Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo roho ya mpango wote. Ukibandika tangazo lisemalo “Msaada kwa wanaoanguka,” nani ataingia huku wenzake wanamtazama? Ukibandika jina la somo tu, kila mtu ataingia. Aliye hatarini ataketi kando ya anayeongoza darasa, na hakuna atakayejua nani amefuata nini. Mwaka 1981 Wizara ya Elimu ya Marekani iliutambua mpango huo kuwa wa kuigwa, nao baadaye ulienea hadi Uingereza, Australia na Afrika Kusini.

HODARI WA KIJIJINI

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, upande wa magharibi wa nchi hiyo, kijana mmoja aitwaye Uri Treisman alikuwa akisomea shahada ya juu ya hisabati katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley. Alisumbuliwa na jambo moja. Wanafunzi weusi wengi walikuwa wakianguka katika somo la kalkulasi, na wale wenye asili ya Kichina wakifaulu. Alipowauliza walimu sababu, walimjibu kwa dhana: hawana ari, hawakuandaliwa vizuri, kwao ni maskini, wazazi wao hawajali elimu.

Treisman hakuridhika. Aliwachukua wanafunzi 20 weusi na 20 wenye asili ya Kichina, akawafuata maktabani na vyumbani ili aone kwa macho yake jinsi wanavyosoma. Dhana zote zile zikaporomoka. Wale vijana weusi walikuwa na ari, na wengi walikuwa vinara wa shule walizotoka. Walihudhuria mihadhara na walifanya mazoezi yao. Lakini walisoma peke yao. Wale wengine walisoma peke yao mchana, kisha jioni wakakutana kulinganisha majibu, kukosoana na kuulizana maswali. Aliyekosea aligundua usiku ule ule. Aliyesoma peke yake aligundua siku ya matokeo.

Treisman akaanzisha vikao vya hisabati. Hakuviita vikao vya waliolemewa. Aliviita vya wanaotaka kufanya vizuri zaidi, akawapa maswali magumu kuliko ya darasani, wayatatue kwa makundi. Wanafunzi weusi waliohudhuria wakaanza kupata alama ambazo watu walikuwa wamekata tamaa kuziona.

Ninapoyatafakari haya nawaona vijana wetu. Mtoto ameongoza shule yake ya kijijini miaka minne. Kijiji kimemchangia, pengine ng’ombe ameuzwa, na mchungaji au imamu amemwombea hadharani. Anafika chuoni na kukuta ukumbi wenye mamia ya vinara kama yeye. Tangu azaliwe hajapata kumwomba mtu amfafanulie kitu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwafafanulia wengine. Mtihani mdogo wa kwanza unamtupa chini. Anafanya nini? Anajifungia chumbani. Simu ya nyumbani ikilia anasema masomo yanaendelea vizuri. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata hadhi kamili mwaka 1970, kilikuwa ndicho pekee nchini. Mwaka 1990 wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 waliingia chuo kikuu, na tangu hapo milango imezidi kupanuka mpaka sasa tunahesabu vyuo kwa makumi. Kupanuka huko ni neema. Lakini mhadhiri mwenye mamia ya watu mbele yake hawezi kujua nani ameacha kuja, sembuse kujua kwa nini. Baadhi ya vyuo vimeanza huduma ya waelekezi. Kwingineko kazi hiyo imeachiwa vikundi vya wanafunzi wenyewe, na vikundi hivyo aghalabu huundwa na marafiki. Asiye na rafiki hana kikundi.

ELFU SITINI YA NANI?

Kuna jioni moja nilipewa ruhusa na wanafunzi wa chuo kimoja hapa nchini niketi nyuma ya kikao chao cha somo la takwimu. Aliyekiongoza alikuwa binti wa mwaka wa tatu. Kijana mmoja alimwita “mwalimu,” naye akamkata mara moja: “Mwalimu yuko ofisini kwake. Mimi niite dada.”

Hakufundisha. Aliandika ubaoni kwamba katika kioski kuna watu watano, kila mmoja analipwa shilingi 12,000 kwa mwezi. Akauliza wastani. Wakacheka, wakajibu 12,000. Akasema, “Haya, anaingia mwenye jengo. Yeye hupata 300,000.” Wakapiga hesabu: jumla 360,000, gawanya kwa sita, wastani 60,000.

“Nani humo ndani anapata elfu sitini?” akauliza.

Kimya. Kisha msichana aliyekuwa amejikunyata karibu na dirisha akasema taratibu, “Hakuna, dada. Ni elfu sitini ya nani basi?”

“Hilo ndilo swali,” akajibu, wala hakuongeza neno. Wenyewe wakaanza kubishana, mpaka mmoja akapendekeza wapange mishahara kuanzia mdogo hadi mkubwa na kutazama wa katikati. Ilikuwa ingali 12,000. Ndipo akawaambia wafungue daftari watafute jina ambalo mhadhiri aliipa hesabu hiyo. Kumbe walikuwa wameliandika wiki moja kabla bila kujua wameandika nini.

Mhadhara ulitolewa kwa Kiingereza, na mtihani utakuwa kwa Kiingereza. Lakini mahali pale fahamu ilipofunguka, kati ya mhadhara na mtihani, palizungumzwa Kiswahili. Nimeona hivyo mara nyingi. Bado kuna wanaosema kwamba lugha yetu haiwezi kubeba sayansi ya chuo kikuu. Waende jioni katika vyumba vya mabweni wasikilize. Imekuwa ikiibeba miaka yote, usiku, bila mshahara na bila shukrani.

KUSAIDIA NA KUIBA

Sharti nitaje hatari moja. Wanafunzi wetu wanalo neno ‘mwakenya,’ yaani kikaratasi cha majibu kinachofichwa na kuingizwa katika chumba cha mtihani, jina lililotokana na kundi la siri la kisiasa la miaka ya 1980. Siku hizi kumezuka na biashara ya kuwaandikia watu insha na tasnifu kwa malipo, wengine wateja wao wakiwa ng’ambo. Wapo watakaosema kwamba ukimruhusu mwanafunzi amsaidie mwenzake utakuwa umefungua mlango huo.

Mimi naona kinyume. Anayeiba mtihani mara nyingi ni yule aliyekosa mahali pa kuuliza mapema. Tena mpaka uko wazi: ukitoka mezani unaweza kulitatua swali jingine la namna ile ile bila mtu kando yako, umeelekezwa. Ukitoka na jibu tu, umeibiwa nafasi yako ya kujifunza, hata kama aliyekuibia alikuwa na nia njema. Ndiyo maana mwelekezi asiyefunzwa ni hatari kuliko kutokuwa na mwelekezi. Huruma humfanya ashike kalamu.

Huduma hii haihitaji majengo mapya. Inahitaji vyumba vya madarasa vinavyobaki vitupu jioni, mhadhiri anayekubali mwelekezi aketi katika mhadhara wake, mtu mmoja wa kuwafunza na kuwasimamia waelekezi, na malipo ya haki kwa vijana hao, maana nao wana karo na tumbo. Nao hawatoki mikono mitupu: anayelieleza somo mara tatu kwa watu watatu hulijua kuliko alipolifanyia mtihani.

Lakini la kwanza ni tangazo lenyewe. Wakuu wa vyuo, tafadhalini, msiandike mlangoni kwamba hapa ni pa waliolemewa. Andikeni jina la somo, siku na saa, kisha mwache mlango wazi. Nawe mzazi, mwanao akipiga simu akasema masomo yanaendelea vizuri, usiishie hapo. Muulize husoma na nani.