Luzira: Mkaguzi akikufungia ghala, dai uamuzi kwa maandishi

Na Mwandishi Wetu, Kampala

UKITAJA Luzira mbele ya Mganda yeyote, kwanza atafikiria gereza. Lakini kwa mfanyabiashara anayevusha mali ziwani, Luzira ni bandari. Hapo Port Bell, mwisho wa barabara inayopita Bugolobi na Kitintale, meli za mizigo hutia nanga zikitoka Mwanza, reli inafika hadi gatini, na boti za mbao hushusha abiria na samaki wa visiwani. Kandokando ya barabara kuna viwanda, maghala, maduka ya jumla, nyumba za wageni na vyumba vya kupanga, vingine vikiwa vimejengwa kwa fedha zilizotumwa na watoto wa nyumbani walioko Uarabuni, Uingereza au Juba.

Katika majengo kama hayo kuna siku mkaguzi hubisha hodi. Anatazama nyaya za umeme, anahesabu milango, anauliza mtungi wa kuzimia moto uko wapi. Kisha anatamka neno moja: funga. Makala haya yanahusu kinachofuata baada ya neno hilo, maana hapo ndipo wengi wetu hupoteza mali, haki, au vyote viwili.

Nimelishuhudia mwenyewe. Kabla ya kuingia kwenye kazi ya uandishi nilikuwa nikiuza vitenge na sabuni, na mzigo wangu ulikuwa katika ghala moja pamoja na wa wenzangu. Siku moja walikuja watu wawili wenye vitambulisho shingoni. Wakasema mlango wa nyuma umezibwa na magunia, na kwamba magodoro yamepangwa karibu mno na mafuta ya kupikia. Walilosema lilikuwa kweli. Wakafunga kwa kufuli lao, wakaondoka bila kuacha hata kipande cha karatasi.

Mwenye ghala akaanza kupiga simu huku na kule. Siku ya nne kufuli likaondolewa, bila barua wala maelezo. Mlango wa nyuma ulibaki umezibwa vile vile. Mama mmoja aliyekuwa amekuja kutoka Mutukula kuchukua mzigo wake alikwisha kupoteza wateja. Nilijiuliza, je, ghala lile lilikuwa la hatari au halikuwa la hatari? Kama lilikuwa la hatari, kwa nini lilifunguliwa? Na kama halikuwa, nani atatulipa siku zile nne? Hakuna aliyeweza kujibu, kwa sababu hapakuwa na uamuzi wowote ulioandikwa.

Sheria inasemaje

Kwa miaka mingi ujenzi nchini Uganda ulisimamiwa kwa kanuni za majengo zilizotungwa chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 1935, iliyoachwa na Waingereza. Mwaka 2013 ikapitishwa Sheria ya Udhibiti wa Majengo. Sheria hiyo iliweka Kamati za Majengo katika wilaya na miji, ambazo ndizo hutoa kibali cha ujenzi na, jengo linapokamilika, kibali cha kulikalia. Baadaye zikafuata Kanuni za Taifa za Majengo za mwaka 2019 zinazoeleza viwango vyenyewe, na taratibu za utekelezaji za mwaka 2020.

Luzira iko katika Divisheni ya Nakawa, kwa hiyo masuala ya vibali vya ujenzi yako mikononi mwa Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA. Lakini kikosi cha zimamoto si cha jiji. Nchini Uganda zimamoto na uokoaji ni idara ya Jeshi la Polisi. Kwa hiyo mtu anayekuja kukagua moto anaweza kuwa ametoka jijini, au polisi, na kila mmoja ana sheria yake na wakubwa wake. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza mkaguzi, kwa heshima, ni hili: Ndugu, umetoka ofisi gani, na unatumia kifungu gani cha sheria? Jibu lake ndilo litakalokuonyesha mlango wa kubisha ukitaka kulalamika.

Ngazi za rufaa

Sheria ya 2013 haikuishia kwenye kamati. Iliunda pia Bodi ya Taifa ya Mapitio ya Majengo, chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Bodi hiyo ilipewa kazi ya kuzichunga kamati na kuona kama zinafuata sheria, na kazi nyingine ambayo wengi hawaijui: kusikiliza rufaa za watu wasioridhika na uamuzi wa Kamati ya Majengo. Maana yake ni kwamba aliyenyimwa kibali, au aliyepewa masharti anayoona hayana msingi, hakuachwa njiani.

Ikumbukwe kuwa mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria za kurudisha mashirika kadhaa ya serikali ndani ya wizara zake. Mamlaka ya Barabara, kwa mfano, ilirudi Wizara ya Ujenzi. Kwa hiyo kabla ya kupeleka rufaa yako, ulizia kwanza wizarani ni dawati lipi linaipokea, usije ukaacha barua yako mahali isipofanyiwa kazi.

Juu ya hayo yote kuna Katiba ya mwaka 1995. Ibara ya 42 inasema kila mtu anayefika mbele ya afisa au chombo cha utawala ana haki ya kutendewa kwa uadilifu, na ana haki ya kwenda mahakamani kuhusu uamuzi wowote wa kiutawala uliochukuliwa dhidi yake. Haikusema tajiri, wala mwenye nyumba. Ilisema mtu yeyote. Mpangaji wa ghala naye ni mtu.

Hata hivyo, mahakama ina masharti yake. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2009, anayetaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa kiutawala anatakiwa kufungua shauri mapema, na isizidi miezi mitatu tangu sababu ya malalamiko ilipotokea. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliongeza kwamba mahakama itaangalia kwanza kama mlalamikaji amemaliza njia nyingine za kisheria zilizopo. Anayeruka ngazi ya rufaa na kukimbilia kwa jaji anaweza kurudishwa alikotoka, huku siku zake zikihesabiwa.

Sasa msomaji ataona kwa nini kipande cha karatasi kina thamani kubwa. Rufaa hukatwa dhidi ya uamuzi. Uamuzi wa mdomo hauna tarehe, hauna sababu wala jina la aliyeutoa, na ofisi inaweza kuukana kesho asubuhi. Vivyo hivyo ruhusa ya mdomo haikulindi. Aliyefunguliwa kwa simu anaweza kufungwa tena kwa simu, na kila mzunguko una kitu kidogo chake.

Moto hausubiri rufaa

Nisieleweke kwamba nawapa wenye majengo mbinu za kuwakwepa wakaguzi. Eneo letu hili la Afrika Mashariki lina makaburi mengi ya watu waliokufa nyuma ya milango iliyofungwa. Januari 2009, duka la Nakumatt lililokuwa katikati ya Nairobi liliungua na kuua watu karibu 30, na waliookoka walisema walikuta njia za kutokea zimefungwa. Mwaka mmoja kabla yake, Aprili 2008, bweni la wasichana la shule ya msingi ya Budo, nje kidogo ya Kampala, liliungua usiku na watoto wapatao 19 wakafa. Oktoba 2022, shule ya wasioona ya Salama wilayani Mukono ilipoteza watu 11 kwa moto wa bwenini.

Kwa upande wa biashara, soko la Owino liliungua Februari 2009 na maelfu ya wachuuzi wakabaki mikono mitupu. Julai 2021 ikawa zamu ya soko kuu la Kariakoo, Dar es Salaam. Wenye mali katika masoko hayo hawakuwa na wa kumkatia rufaa, kwani majivu hayana mahakama.

Na tusidhani ni tatizo la nchi maskini tu. Mwaka 2017 jengo la Grenfell jijini London liliua watu 72, na Uingereza ikalazimika kutunga sheria mpya ya usalama wa majengo mwaka 2022 yenye msimamizi wake maalumu. Doha nako, mwaka 2012, moto katika jengo la maduka la Villaggio uliua watu 19, wengi wao watoto. Wenzetu waliofanya kazi Ghuba wanakumbuka.

Kwa hiyo mkaguzi anapokuambia mlango umezibwa, na wewe unaona kweli umezibwa, ondoa magunia siku hiyo hiyo. Hilo halihitaji wakili. Rufaa ni ya mambo yanayobishaniwa: umepewa siku chache mno, umetakiwa kubomoa ukuta ulioidhinishwa kwenye ramani, au jirani mwenye jengo kama lako hakuguswa. Wala usidhani kwamba kukata rufaa peke yake kunasimamisha amri. Tii amri huku ukidai haki yako.

Kwa wanaorudi nyumbani

Wengi waliotuma fedha kutoka ng'ambo hurudi wakakuta nyumba imesimama lakini faili halipo. Ndugu alisimamia, fundi akaongeza ghorofa, chumba cha gari kikawa duka, na nyumba ya familia ikawa hosteli. Ni lazima ujue kwamba kibali hutolewa kwa jengo lililochorwa kwenye ramani na kwa matumizi yaliyoandikwa humo. Ukipokea funguo, dai na karatasi: ramani iliyogongwa mhuri, kibali cha ujenzi na kibali cha kukalia. Usipokuwa nazo, mezani pa rufaa utasimama kwa mguu mmoja.

Aidha, angalieni nondo za madirishani. Tunaziweka kwa hofu ya wezi, lakini dirisha lisilofunguka kwa ndani halimtofautishi mwizi na mtoto wako. Angalau dirisha moja katika kila chumba cha kulala liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, na funguo ikae mahali ambapo hata mtoto anapajua.

Kwa wa mipakani

Wewe unayetoka Busia, Malaba, Mutukula au Mpondwe, jengo si lako lakini mzigo ni wako. Kabla hujalipa kodi ya ghala, zunguka mpaka nyuma na ujaribu kufungua mlango wa pili kwa mkono wako. Mwombe mwenye ghala akuonyeshe kibali, na mwandike katika mkataba kwamba akipokea amri yoyote atakupa nakala, na kwamba siku za kufungwa kwa kosa lake hazilipiwi kodi. Usisahau kuwa sheria hubadilika ukivuka mpaka. Tanzania ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lenye sheria yake ya mwaka 2007, na Kenya ina Kanuni mpya za Taifa za Majengo za mwaka 2024, zilizochukua nafasi ya zile za 1968.

Mkaguzi akija, andika tarehe, saa, jina lake na ofisi yake. Piga picha ya hali ya ghala. Omba amri kwa maandishi. Akikataa, mwandikie wewe siku hiyo hiyo ukieleza alichosema, ipeleke barua ofisini kwake na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Akitaka chochote cha mfukoni, kuna ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, IGG, iliyowekwa kwa ajili ya malalamiko hayo.

Mkaguzi mwema hatachukia kuombwa karatasi, maana inamlinda yeye pia. Jengo likiungua kesho, itaonekana wazi kwamba alionya, alionya lini, na nani hakusikia.