Kufundisha mtoto wa mbwa

Mtoto wa mbwa akitimiza majuma 8, anaweza kuachana na mama yake na kuja kukaa kwenu. Hajui bado pahali pa kwenda haja. Nani atamfundisha? Ni wewe.

Mtoe nje mara akiamka, mara akiisha kula, mara akiisha kucheza, na usiku mbele ya kulala. Mpeleke kila mara pahali pale pale, katika pembe ya lupango. Harufu itamkumbusha. Akimaliza, msifu papo hapo.

Akichafua nyumba, usimpige. Hafahamu kosa lililopita; atajifunza kukuogopa tu na kujificha. Safisha vizuri, harufu iishe, asirudi pale.

Akikutafuna mkono katika mchezo, acha kucheza, nyamaza. Atafahamu: anayeuma hachezi.

Akipata miezi 3, baba ampeleke kwa mganga wa nyama, apigwe sindano ya kukinga kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukimshika mtu, karibu kila mara huua. Kwa hiyo mbwa yeyote akikuuma na kukujeruhi, hata wa nyumbani, usifiche. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, halafu nenda dispanseri siku ile ile.